Programu ya Hesabu Inaganda? Usikimbilie Kuongeza Bando

Wadogo zangu wa idara za uhasibu, leo zamu yenu. Wengi mnaoniandikia mna kilio kimoja: ofisi ina kompyuta nne au tano, wote mnaingia kwenye QuickBooks ile inayokaa ndani ya kompyuta, na mwezi ukifika ukingoni ankara moja inachukua nusu dakika kufunguka. Tarehe 20 ya ritani ya VAT inakaribia, bosi anauliza mbona hujamaliza, nawe huna la kumjibu isipokuwa kwamba mashine inazunguka. Wapo walioanza kuitwa wavivu kwa ajili hiyo. Inaniuma, kwa sababu kosa si la mkono wako, na linaweza kuthibitishwa.

Kitu ambacho ofisi nyingi hufanya kwanza ni kununua intaneti ya kasi zaidi. Dada, zuia hiyo hela isitoke. Faili la kampuni liko kwenye kompyuta moja humo humo ofisini, na ninyi wengine mnalifuata kwa mtandao wa ndani. Ukifungua ripoti, kompyuta yako hutuma maombi madogo madogo kwa wingi, na mengi husubiri jibu kabla ya linalofuata kuondoka. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani kwa kila kitunguu peke yake: hata umpanulie barabara, kinachokula muda ni idadi ya safari. Tuseme ripoti inahitaji safari 5,000. Kila safari ikichukua milisekunde 1, utasubiri sekunde 5. Ikichukua milisekunde 10, jambo la kawaida kwenye waifai yenye watu wengi, utasubiri sekunde 50. Ripoti ni ile ile na faili ni lile lile.

Kwa hiyo anza na kipimo kimoja kabla ya kumwita fundi. Wenzako wakishatoka, nenda kwenye ile kompyuta yenye faili, fungua programu hapo hapo, toa ripoti inayokusumbua na uhesabu sekunde. Kisha rudi kwenye meza yako, toa ripoti ile ile, hesabu tena. Kama pale ilikuja haraka na kwako inasota, ugonjwa uko kwenye mtandao. Kama hata pale imesota, basi tatizo ni kompyuta yenyewe au faili. Andika namba zote mbili kwenye daftari, na tarehe. Fundi anayekuta namba hizo hawezi kukuambia tu uzime na kuwasha.

Tuseme ni mtandao. Angalia kama mashine yako, na hasa ile yenye faili, imeungwa kwa waifai. Kama ndivyo, iunge kwa waya halafu urudie kipimo. Mara nyingi safari inaishia hapo. Kama waya upo tayari, fungua hali ya kadi ya mtandao kwenye Windows usome kasi iliyoandikwa. Ukikuta megabiti 100 badala ya gigabiti 1, kuna kitu kinawarudisha nyuma. Huenda swichi ni ya zamani. Lakini mshuku waya pia. Waya wa mtandao una nyuzi nane, jozi nne, na kasi ya gigabiti huzihitaji zote. Uzi mmoja ukiwa haukubanwa vizuri kwenye plagi, au mguu wa meza ukiwa umeukandamiza waya kwa miaka, kompyuta hujishusha kimya kimya hadi megabiti 100, ambayo hutumia jozi mbili tu. Hakuna onyo lolote. Nyie mnaendelea na kazi mkidhani ndivyo ilivyo.

Kama kipimo kimeangukia upande wa pili, kaa na ile kompyuta yenye faili kwa muda. Ofisi nyingi ndogo hazina seva. Faili limewekwa kwenye mashine ya mapokezi au ya meneja, na mwenyewe anaitumia kwa mambo yake yote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati wenzako wanalalamika, uangalie diski imeshughulika kiasi gani. Ikiwa imefika asilimia 100 na ni diski ya zamani ya kuzunguka, kuibadilisha kwa SSD ndiyo dawa ninayoiamini kuliko kununua kompyuta mpya kwa kila mtu. Hakikisha pia mashine hiyo haijapangwa kulala ili kuokoa umeme. Antivairasi nayo hupenda kukagua faili la hesabu kila linapoguswa. Mwombe fundi aiambie iliache folda la data peke yake. Akitaka kuizima kabisa, mkatalie.

Kwa wa QuickBooks kuna mawili zaidi. Kompyuta inayotakiwa kuwahudumia wengine ni moja tu. Kwenye mashine yako ya kawaida, fungua menyu ya File kisha Utilities. Ukikuta maneno "Stop Hosting Multi-User Access", ina maana mashine yako nayo imejifanya mwenyeji, na hapo huvurugana. Zima. Pili, kando ya faili la kampuni kuna jingine linaloishia na TLG, ambalo huandika kila badiliko na kuendelea kunenepa. Usilifute kwa mkono hata siku moja. Chukua bakapu kwa kutumia programu yenyewe, ukichagua uhakiki kamili, nalo litaanza upya.

Kwa mnaotumia programu ya Tally, data ya miaka mingi ikishajaa kwenye kampuni moja mnaweza kuigawa kwa mwaka wa fedha. Fanyeni hivyo baada ya bakapu mliyojaribu kuirudisha na ikafunguka. Msiguse kabla.

Tabia nazo zina sehemu yake. Ripoti ya tangu kampuni ianze, iliyoachwa wazi siku nzima huku wengine wanaingiza risiti, hujihesabu upya kila mara na kuwachelewesha wote. Chagua tarehe unazozihitaji, soma, funga.

Sasa nenda kwa bosi na daftari lako. Mwambie: ripoti hii kwenye mashine yenye faili inachukua sekunde kadhaa, kwangu inachukua hizi, na tukibadilisha waya huu tutapima tena. Omba kwa mpangilio, kitu cha bei ndogo kwanza: waya, halafu swichi, halafu SSD. Na kama fungu la mwezi huu linatosha kitu kimoja tu na mashine yenye faili haina UPS, mimi ningeanza na UPS, nikachomeka na swichi humo humo. Umeme ukikatika mtu akiwa katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika, na hapo mtakuwa mnatafuta hesabu zenyewe.