Jina la Raia katika Daftari la Dola

Wengi hudhani kuwa kutengeneza dola ni kubadili majina ya afisi na kuandika sheria mpya. Hayo yana faida yake, wala hayafai kudharauliwa; lakini imani ya raia haikai katika jina la afisi, hukaa katika daftari. Mtu aonyeshwapo jina lake, limeandikwa pale pale anapokaa, hapo ndipo ajuapo kuwa yeye ni mwenyeji wala si mgeni.

Twaa mfano ulio karibu na watu wa pwani. Msimamizi wa wakfu ameshika daftari la watu wa mtaa. Akagombana na nyumba kadhaa kwa ajili ya kiwanja. Kisha ikafika siku ya baraza, na majina ya nyumba zile hayamo. Hata ikiwa dai lake juu ya kiwanja ni la haki, kwa kufuta majina ameikhini amana, maana amewatoa wagomvi wake katika baraza lile lile la kukata ugomvi.

Jambo la namna hii lilitokea bara, katika nchi ya Wamasai. Olbalbal ni kata ya wafugaji katika tarafa ya Ngorongoro, bondeni, mahali yanapokomea maji ya korongo la Olduvai. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka wa 1959 ili watu, mifugo na wanyama wa mwitu wakae pamoja, baada ya Wamasai kutolewa Serengeti. Tangu mwaka wa 2022 serikali imewahamishia watu Msomera, wilaya ya Handeni, ikisema kuwa wahamao wahama kwa khiari yao, na kuwa watu na mifugo wamezidi nguvu ya ardhi. Wengi waliobaki waliyakataa maneno hayo. Ugomvi huo una hoja pande zote mbili, na si makusudio ya somo hili kuukata.

Makusudio ni lililofuata. Tarehe 2 Agosti 2024, kwa tangazo nambari 673, serikali ilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa hiyo, Olbalbal ikiwamo. Kiasi cha watu laki moja wakawa hawana kijiji. Na asiye na kijiji hana mwenyekiti wa kumchagua, wala baraza la kumsemea. Tena watu walilalamika kuwa vituo vyao vya kupigia kura vimeandikwa Msomera, mamia ya kilomita kutoka kwenye maboma yao.

Na ajabu ni kuwa mwaka ule ule Tume ya Uchaguzi ilikuwa imepewa sheria mpya na jina jipya, Tume Huru. Sheria ile iliamuru wanaoomba ujumbe wachujwe na kamati inayoongozwa na Jaji Mkuu kabla Rais hajateua. Ni hatua njema. Ila mzee wa Olbalbal asiyeliona jina lake, uhuru wa Tume utamfikiaje?

Kuanzia tarehe 18 Agosti maelfu walikusanyika kandokando ya barabara ya watalii. Wengine walikwenda mahakamani, na tarehe 22 Mahakama Kuu ya Arusha ikasimamisha tangazo lile. Waziri William Lukuvi akapelekwa kuwaahidi kuwa watapiga kura hapo hapo walipo. Vijiji vikarudishwa katika hesabu kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba.

Basi kilichookoa imani kidogo iliyobaki ni mlango wa kadhi kuwa wazi. Wala mlango huo hauko wazi katika kila jambo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 41(7), imezikataza mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume kumtangaza mshindi. Mahakama ya Afrika, ambayo makao yake yako Arusha, ilihukumu mwaka wa 2020 kuwa ibara hiyo yavunja haki za watu, ikaamuru irekebishwe. Lakini uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika nayo ingalipo.

Ama ugomvi wa ardhi, tarehe 20 Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume mbili, moja ya kuchunguza ardhi ya Ngorongoro na moja ya kutazama uhamaji wa khiari. Zilizinduliwa zaidi ya miaka miwili baada ya magari ya kwanza kuondoka kwenda Msomera.