Mwisho wa Kiangazi

Huku Likasi, mwisho wa mwezi wa nane, majani yamekauka na vumbi ni jekundu. Kwetu kila mtu ana kazi. Masomo yatafunguliwa mwezi wa tisa, na shamba lazima liwe tayari mbele ya mvua. Baba anaziba paa. Mama na dada wanalima. Mimi ninateka maji.

Jioni tunaketi wote kwa kambo, tunachagua mbegu za mahindi. Tunatwaa punje kubwa tu. Kambo anazichanganya na majivu, wadudu wasizile, anazitia katika chungu.

Mwaka jana nguo yangu ya masomo ilipasuka. Mama akasema: «Tuuze mbegu kidogo. Sasa mahindi yana bei kali.»

Kambo akajibu: «Mwanangu, anayeuza mbegu ananunua njaa.»

Basi mama akatia kiraka. Nilikwenda masomoni na kiraka changu, nikaona haya.

Mwezi wa kumi mvua ya kwanza ilinyesha. Nikashika jembe. Kambo akacheka: «Ngoja, mjukuu wangu. Mvua hii inadanganya.» Tulingoja hata mwezi wa kumi na moja, udongo ulipolowa kabisa.

Jirani yetu hakungoja. Mahindi yake yaliota, kisha yakakauka kwa jua. Akaja kwetu, mikono mitupu. Kambo akafungua chungu, akamgawia mbegu.

Siku ile sikuona haya tena kwa kiraka changu.

Maulizo
1. Kwa nini kambo alikataa kuuza mbegu?
2. Majivu yanafanya kazi gani?
3. Mbegu za jirani ziliharibika kwa nini?