Shamba Lina Jina Moja, Wenyewe Ni Wangapi?

Mlezi wa chama chetu aliniomba niandike somo la uchumi kwa Kiswahili, ili tuone kama lugha yetu yaweza kuubeba mzigo huo. Nami nimechagua jambo lililonikuta nyumbani kabla sijalikuta kitabuni: haki ya kumiliki mali na uhuru wa kiuchumi.

Kwetu ni upande wa Uriri, Kaunti ya Migori, ingawa nasoma huku Homa Bay. Likizo ya Desemba, baba mkubwa alikuja na karatasi. Mkopeshaji mmoja alikuwa tayari kumpa pesa za kununua lori la kubebea miwa, mradi aweke hati ya shamba kama dhamana. Nikaitwa niisome kwa sauti, maana mimi ndiye "msomi" wa boma. Nilisoma kwa maringo mpaka nikafika mahali palipoandikwa kwamba deni lisipolipwa, shamba litauzwa.

Dani, yaani nyanya yangu, alikuwa akichambua omena. Akainua kichwa.

"Shamba gani?"

"Hili, mama," baba mkubwa akajibu.

"Hili la nani?"

"Hati ina jina langu, mama. Wewe mwenyewe unajua."

Kweli alijua. Maafisa wa upimaji walipofika kwetu, babu alikuwa ameshafariki, na mtoto wa kwanza ndiye aliyeandikishwa kwa niaba ya wote. Sasa juu ya shamba hilo kuna nyumba ya Dani, ya baba mkubwa, ya baba yangu, simba yangu niliyojengewa juzi juzi, na kaburi la babu. Sitaficha pia kwamba baba mkubwa si mtu mbaya. Faida ya lori ilikuwa ilipe karo yangu, ambayo nina deni lake hadi leo. Moyo wangu ulikuwa pande zote mbili.

Basi swali la somo letu ni hili: je, mwenye jina kwenye hati ndiye mwenye shamba?

WALIBERTARI NI AKINA NANI?

Walibertari ni watu wanaoamini kwamba uhuru wa mtu binafsi ndio msingi wa jamii njema. Wanasema kazi ya serikali ni kuzuia wizi, nguvu na ulaghai, na kuhakikisha mikataba inatimizwa. Zaidi ya hapo, mtu aachwe afanye apendavyo na chake.

Mzizi wa fikira hizo wauona kwa John Locke, Mwingereza, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka wa 1689. Yeye alisema kila mtu anaumiliki mwili wake, kwa hiyo anaimiliki kazi ya mikono yake. Akiichanganya kazi hiyo na ardhi, ardhi inakuwa yake. Robert Nozick wa Marekani, mwaka wa 1974, alitoa kipimo cha mambo matatu. Kwanza, mali iwe imepatikana kwa haki. Pili, ikihama, ihame kwa hiari. Tatu, mahali palipotendeka dhuluma, irekebishwe. Tafadhali shika hilo la tatu, tutalirudia.

Hapa Kenya, James Shikwati alianzisha shirika la IREN mwaka wa 2001, akawa akisema kwamba misaada ya kigeni inamlemaza Mwafrika, na kwamba tunachohitaji ni uhuru wa kufanya biashara. Naye Hernando de Soto wa Peru aliandika mwaka wa 2000 kwamba maskini si mtu asiye na mali. Ana mali, ila haina karatasi, kwa hiyo haiwezi kumletea mkopo. Mpe hati, naye atainuka. Huyo angekuwa rafiki mkubwa wa baba mkubwa!

PALE WALIPOLENGA SHABAHA

Usikimbilie kuwacheka. Historia yetu inawapa ushahidi. Sheria ya ardhi ya mkoloni ya mwaka wa 1915 iliifanya ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka wa 1921 mahakama ikaamua kwamba Mwafrika ni mpangaji tu, anayekaa kwa hisani. Marehemu Profesa H.W.O. Okoth-Ogendo aliieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1991, Tenants of the Crown.

Halafu mwaka wa 1930 serikali ikatunga sheria ya kulinda ardhi za wenyeji. Kabla wino haujakauka, dhahabu ikapatikana Kakamega. Mwaka wa 1932 sheria ile ile ikabadilishwa haraka haraka ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa uchimbaji bila kuwauliza wenyeji kwanza. Ahadi ya serikali ilidumu miaka miwili! Kwa hiyo mlibertari anaposema kwamba asiye na haki thabiti juu ya mali yake hana uhuru, mtu wa Nyanza hawezi kumwambia ni mwongo.

MZIGO WA KUNI

Sasa tufike penye utata. Umiliki si kijiti kimoja, ni mzigo wa kuni. Haki ya kulima ni ukuni mmoja. Haki ya kujenga ni mwingine, ya kulisha ng'ombe baada ya mavuno ni mwingine, ya kupita kwenda mtoni, ya kurithi, ya kuzikwa, ya kuuza. Katika desturi ya Wajaluo kuni hizi zilikuwa mikononi mwa watu mbalimbali. Mke alilima sehemu ya nyumba yake, na wanawe walirithi kupitia nyumba hiyo. Jadak, yaani mgeni aliyekaribishwa, alilima kwa ruhusa. Hapakuwa na mtu mmoja wa kuamka asubuhi na kuuza mzigo wote.

Na aliyejaribu kuuza alionywa na lugha yenyewe. Wazee huita fedha za kuuza ardhi "pesa makech", pesa chungu. Pesa za dhahabu na za tumbaku zimo pia katika orodha hiyo, nazo Migori inazijua zote mbili! Ng'ombe wa mahari walionunuliwa kwa pesa hizo, wazee husema, hawakai. Mwanaanthropolojia Parker Shipton aliyechunguza jambo hili katika Nyanza Kusini ya zamani aliliandikia kitabu mwaka wa 1989. Wewe waweza kuita ushirikina. Mimi naona ni onyo: pesa hizi zimetoka kwenye kitu ambacho muuzaji hakuwa peke yake.

Mwaka wa 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton, uliotaka mashamba yaunganishwe, yapimwe na kuandikishwa. Mpango wenyewe ulikiri kwamba wenye bidii au mali wataongeza ardhi na wengine watabaki bila. Sheria ya mwaka wa 1963 ikampa aliyeandikishwa umiliki kamili, na uandikishaji wa kwanza haukuweza kurekebishwa na mahakama hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Kuni zote zikafungwa kamba moja, zikatwikwa kichwa kimoja, na mara nyingi kichwa hicho kilikuwa cha mwanamume.

Unaona kosa liko wapi? Kile kipimo cha tatu cha Nozick, cha kurekebisha dhuluma, kilifungiwa mlango na sheria iliyodai kulinda mali.

SHERIA YA LEO

Nilirudi shuleni Januari na swali langu. Mwalimu wa Historia akanielekeza maktabani, nikakuta kwamba mambo yamebadilika, tena sana.

Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 40, inalinda haki ya kila mtu kumiliki mali, na Kifungu cha 60 kinakataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012, nyumba ya mume na mke haiwekwi rehani bila sahihi ya mwenzi. Sheria ya mwaka wa 1967 inataka shughuli za mashamba ya kilimo zipate kibali cha bodi ya ardhi. Na la kunifurahisha kupita yote: mwaka wa 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, iliamua kwamba mtu anaweza kuwa na jina kwenye hati na bado awe ameshikilia shamba kwa niaba ya jamaa zake kwa mujibu wa mila. Hati haiwafuti wenzake.

Niliinakili hiyo kwenye daftari kama mtu aliyeokota dhahabu Macalder.

HUKUMU YA DANI

Likizo ya Aprili tukakaa kikao chini ya mti. Nikasoma daftari langu. Baba mkubwa akanitazama kwa jicho kali, nikatamani kumeza ulimi. Kisha Dani akasema:

"Mimi sikatai lori. Nakataa kuwekwa rehani bila kuulizwa. Lipimeni shamba, kila nyumba ipate kipande na karatasi yake. Halafu wewe, mwanangu, cheza na chako."

"Mama, kipande changu peke yake hakitoshi lori."

"Basi nunua mkokoteni."

Tukacheka wote, hata yeye, ingawa si kwa muda mrefu.

Msomaji, Dani hajawahi kumsikia Locke. Lakini alidai kile kile ambacho walibertari wanadai: chake kisihamishwe bila hiari yake. Hakuchukia hati, alitaka kuwe na hati zaidi. Ndiyo maana nasema walibertari hawakukosea walipoitukuza haki ya mali. Kosa ni la yule anayetukuza haki ya mali kabla ya kuhesabu wenye mali. Uhuru wa mmoja uliojengwa juu ya kimya cha watano si uhuru wa kiuchumi, ni unyang'anyi wenye mhuri.

Wala sisemi tumemaliza. Mpimaji anataka malipo na hatujazipata pesa zake. Tukiendelea kukata vipande, wajukuu wangu watarithi upana wa kitanda. Lori halijanunuliwa, na karo yangu bado. Uhuru una gharama, na mwaka huu naona sehemu ya gharama hiyo imeandikwa kwenye ripoti yangu ya muhula. Lakini niliporudi shuleni Mei, niliiacha simba yangu mahali pake, na Dani mlangoni pake akichambua omena.

Mali ya shirika haina choyo, bali iulizwe.

MASWALI YA MJADALA

1. Taja "kuni" tano zilizo katika mzigo wa umiliki wa shamba la kwenu. Kila ukuni umeshikwa na nani?
2. Katiba, Kifungu cha 62, inayahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma. Je, mlibertari angekubali? Mchimbaji mdogo wa Nyatike je?
3. "Baba mkubwa ndiye aliyedhulumiwa katika kisa hiki." Jadili.