ASKARI WA KUKODIWA AKIUA RAIA, NANI ATASHTAKIWA?

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Lakini je, kama mmoja wa fahali hao ni wa kukodiwa, nyasi zitamdai nani? Aliyemkodi? Mwenye boma alikotoka? Ama fahali mwenyewe? Mpenzi msomaji, hilo ndilo somo letu mwaka huu.

Hebu tuanze nyumbani. Hapa kwetu Ukambani, kabla ya mahakama za serikali, mtu akimwua mwenzake deni halikubaki kwa muuaji peke yake. Ukoo wake mzima, yaani mbai kwa Kikamba, ulichanga ng'ombe wa fidia, na wazee wa nzama wakasimamia malipo hayo. Muuaji hangeweza kusema "mimi sina kitu", wala ukoo haungesema "huyo hatumjui". Weka jambo hili akilini, kwa maana swali la askari wa kukodiwa ni lile lile: mbai yake ni ipi?

1. MAANA YA MANENO

Mamluki ni mtu anayepigana vita visivyo vyake kwa ajili ya pesa. Hiyo ni maana ya barabarani. Sheria ina maana nyembamba zaidi. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya 1949, imeweka masharti sita. Lazima mtu awe ameandikwa hasa kwa kupigana, apigane kweli, asukumwe na faida yake mwenyewe na alipwe kupita kiasi wanacholipwa wanajeshi wa cheo chake, asiwe raia wala mkazi wa upande wowote wa vita, asiwe mwanajeshi wa upande wowote, na asiwe ametumwa rasmi na jeshi la nchi nyingine. Likikosekana sharti moja tu, mtu huyo si mamluki mbele ya sheria! Ndiyo sababu wengi huponyoka jina hilo kama kambare mkononi.

Kampuni binafsi ya kijeshi ni biashara iliyosajiliwa, yenye ofisi, wakurugenzi na akaunti ya benki. Huuza ulinzi, mafunzo, marubani, na wakati mwingine vita vyenyewe.

Sasa, sikiza vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea. Watu hudhani kwamba asiyeitwa mamluki ameokoka. La hasha! Kumwua raia kwa makusudi vitani ni uhalifu wa kivita, awe aliyeua ni mwanajeshi, mwasi, mamluki au mlinzi wa kampuni. Jina la kazi haliondoi kosa.

2. HISTORIA KWA UFUPI

Bara letu linawajua watu hawa tangu zamani. Mwaka 1964, serikali ya Kongo ilimkodi Mike Hoare na kikosi chake kupigana na waasi wa mashariki, hadi Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu uporaji na mauaji yaliyofanywa na mamluki wa vita vile. Hoare hakushtakiwa kwa hayo. Alikuja kufungwa Afrika Kusini mwaka 1982, na kosa lake lilikuwa kuteka nyara ndege ya abiria, baada ya jaribio lake la kupindua serikali ya Ushelisheli mnamo Novemba 1981 kushindwa. Yaani ndege ilipata haki, damu ya Wakongo haikupata.

Waafrika hawakunyamaza. Mwaka 1977 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wa kukomesha umamluki, huko Libreville, Gabon. Mkataba ulianza kutumika mwaka 1985. Umoja wa Mataifa nao ulipitisha wake mwaka 1989, ukaanza kutumika 2001. Lakini mikataba hii yote iliwalenga mamluki wa kale. Kampuni zenye hati za usajili na suti nadhifu zilikuja baadaye.

3. MFANO WA JIRANI: CABO DELGADO

Kusini mwa mto Ruvuma, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, kuna mkoa wa Msumbiji uitwao Cabo Delgado. Watu wa pwani ile husema Kimwani, lugha iliyo jamaa ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe wengi wanakielewa. Hivyo hao si wageni kwetu. Oktoba 2017, wapiganaji wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na vita vikaenea vijijini. Polisi wa Msumbiji walipozidiwa, waliikodi kampuni ya Afrika Kusini iitwayo Dyck Advisory Group, ambayo mwaka 2020 ilileta helikopta zenye bunduki.

Machi 2021, shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyolaumu pande tatu: waasi kwa kuchinja watu, majeshi ya serikali kwa mateso na mauaji, na kampuni hiyo. Mashahidi 53 walilieleza shirika hilo kwamba watu wa kampuni walifyatua rashasha na kuangusha maguruneti kutoka angani, bila kubagua raia na wapiganaji, na kwamba walipiga hata hospitali, shule na nyumba. Kampuni ilijibu kwamba inayachukulia madai hayo kwa uzito, na kwamba itatuma timu ya wanasheria kuchunguza. Mkataba wake na polisi ulimalizika Aprili 2021, ikaondoka.

Tuwe waangalifu hapa. Ripoti si hukumu, na mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Lakini jameni, kuthibitishwa kunahitaji mahakama! Mtuhumiwa akichagua mwenyewe wa kumchunguza, hiyo ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

4. MILANGO YA KUBISHA

Tuseme mama mmoja wa Mocímboa amempoteza mwanawe kwa risasi iliyotoka kwenye helikopta. Abishe mlango gani?

(a) Mlango wa nchi yalikotendeka. Huu ndio wa karibu. Lakini Msumbiji ndiyo iliyoikodi kampuni. Serikali ikifungua kesi, inajifungulia yenyewe. Mwenye kosa na mwenye funguo ni mmoja.

(b) Mlango wa nchi ya nyumbani kwa kampuni. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 1998 inayomtaka yeyote anayeuza msaada wa kijeshi ng'ambo aombe kibali. Ina pia sheria ya mwaka 2002 inayoruhusu mahakama zake kumhukumu raia wake kwa uhalifu wa kivita uliotendwa nje. Kwenye karatasi mlango uko wazi. Lakini mashahidi wako maelfu ya kilomita, wamo kwenye kambi za wakimbizi, na nauli hawana.

(c) Mlango wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Hague. Msumbiji ilitia sahihi Mkataba wa Roma lakini haikuuridhia. Afrika Kusini imeuridhia, kwa hiyo raia wake anaweza kufikishwa huko. Hata hivyo, mahakama ile huhukumu watu tu. Kampuni haiwezi kusimama kizimbani. Itifaki ya Malabo ya mwaka 2014 ingeipa mahakama ya Afrika uwezo wa kuhukumu umamluki, na hata makampuni, lakini haijapata nchi 15 za kuiridhia ili ianze kutumika.

(d) Mlango wa madai, yaani kuidai kampuni fidia. Huu hauhitaji serikali ikushtakie, ila unahitaji wakili, ushahidi na uvumilivu wa kobe.

Mwaka 2008 nchi 17 zilikubaliana huko Montreux, Uswisi, kwamba nchi inayokodi, nchi yanakotendeka na nchi ya kampuni zote zina wajibu. Hati hiyo ni nzuri, lakini hailazimishi mtu. Kwa Kikamba chetu tungesema mbai ziko tatu, na kila moja inangoja mwenzake atoe ng'ombe wa kwanza.

5. JE, INAWEZEKANA?

Inawezekana, ila kwa jasho. Septemba 16, 2007, walinzi wa kampuni ya Marekani ya Blackwater waliwamiminia risasi watu katika uwanja wa Nisour, Baghdad. Wairaki 17 walikufa. Mahakama za Iraki hazikuweza kuwagusa, kwa sababu utawala wa Kimarekani ulikuwa umewapa wakandarasi kinga. Kesi ilifunguliwa Marekani, ikafutwa, ikafufuliwa, na mwaka 2014 walinzi wanne wakapatikana na hatia. Desemba 2020 Rais Donald Trump akawasamehe wote wanne. Miaka 13 ya kazi ikaenda kwa sahihi moja.

Mfano wa pili unatia moyo. Wairaki watatu walioteswa katika gereza la Abu Ghraib waliidai kampuni ya CACI, iliyotoa wahoji wa wafungwa. Walianza mwaka 2008. Novemba 2024, baraza la mahakama huko Virginia liliamua kampuni iwalipe jumla ya dola milioni 42. Kampuni ilikata rufani. Lakini angalau mara hii kampuni yenyewe, wala si mlinzi mmoja mmoja, ndiyo iliyoambiwa "toa ng'ombe".

Tofauti na Cabo Delgado ni ipi? Sheria za kuzuia mauaji ya raia zilikuwepo kote. Kilichowasaidia watatu hawa ni kwamba walijulikana kwa majina, mateso yao yalikuwa na mahali na tarehe, na wapo mawakili waliokataa kuchoka. Sheria ni mlango, naam, lakini haujifungui wenyewe.

6. SISI HAPA KALAMBA JE?

Usiseme, "Hayo ni ya Baghdad, mimi niko Makueni." Januari 5, 2020, Al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, Lamu, Wamarekani watatu waliuawa, mmoja alikuwa mwanajeshi na wawili walikuwa wakandarasi. Kwa hiyo wamo humu nchini. Nasi twatoka. Novemba 2025, serikali yetu ilisema kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wamo katika vita vya Ukraine upande wa Urusi, na wengine walikuwa wameahidiwa kazi za kawaida. Kesho kijana wa Kidato cha Nne kutoka Kalamba ataambiwa na ajenti kuna "kazi ya ulinzi". Anaweza kuwa nyasi. Anaweza pia kuwa fahali.

Basi ajue mambo matatu. Kwanza, asitie sahihi mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoisoma. Pili, "niliamriwa" si kinga kwa mtu anayewapiga risasi raia. Tatu, Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya Kenya ya mwaka 2008 inaruhusu mahakama zetu kumshtaki Mkenya aliyetenda uhalifu wa kivita popote duniani, na hata mgeni aliyetenda huko kisha akaingia hapa. Mlango wetu upo, basi tusiuache ushike kutu.

Wazee wetu hawakuwa na Hague, lakini walijua kwamba damu isiyo na wa kuilipia haikauki. Anayelipwa kwa vita na alipie makosa ya vita. Anayemtuma naye asijifiche nyuma ya karatasi ya mkataba.

ZOEZI

1. Taja masharti yoyote matatu ya kumwita mtu mamluki kisheria.
2. Kwa nini ni vigumu kwa nchi iliyoikodi kampuni kuishtaki kampuni hiyo?
3. Eleza tofauti kati ya kesi ya jinai na kesi ya madai ukitumia mifano ya Blackwater na CACI.
4. Mdahalo: "Kampuni binafsi za kijeshi zipigwe marufuku Afrika nzima." Unga mkono au pinga.