Kabla Hujamlipa Wakala wa Udahili: Namba ya Simu Iwe Yako

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, malalamiko ya aina moja huanza kumiminika. Kijana amemlipa mtu aliyejitambulisha kuwa wakala au mshauri wa udahili, kisha anajikuta amechaguliwa kozi asiyoitaka, au amepata chuo lakini hawezi kuthibitisha. Kijitabu hiki kinajibu swali la wazazi wengi: je, fedha hiyo inalipa? Kwa sehemu kubwa ya huduma zinazouzwa, hailipi, na sehemu iliyobaki ina hatari ambayo waombaji wengi hawaijui.

Tangu 2017, mwombaji wa shahada ya kwanza Tanzania Bara huomba moja kwa moja chuoni, si tena kupitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kila mwaka TCU hutoa mwongozo unaoorodhesha vyuo, programu na sifa za kila programu, na yeyote anaupakua bure. Kwa ufupi, mhitimu wa kidato cha sita anatakiwa awe na angalau E katika masomo mawili yanayohusu programu anayoomba, yenye jumla ya pointi 4.0 au zaidi, na mwenye stashahada awe na GPA ya angalau 3.0. Masharti mengine yamo kwenye mwongozo, usome. La muhimu ni kwamba pointi hazinunuliwi. Mwenye D mbili ana pointi 4.0 hata akijaza fomu peke yake. Mwenye D na E ana 3.0, na hata wakala akilipwa laki ngapi, tatu haitageuka nne. Anayekuambia ana mtu wake ndani atakayekupitisha anakudanganya.

Sasa sikiliza hatari yenyewe. Kwenye fomu ya maombi kuna kisanduku cha namba ya simu na kingine cha barua pepe. Wakala anayejazia watu wengi kwa haraka huandika namba yake mwenyewe, na nywila anaiweka yeye. Mwombaji haoni tatizo mpaka majina yatoke. Aliyedahiliwa na zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyotumia kuomba. Ujumbe huo unaingia kwenye simu ya wakala. Hapo nafasi ni ya kijana kwa jina tu: wakala anaweza kudai fedha zaidi, anaweza kuthibitisha chuo kinachomfaa yeye, au anaweza kuzima simu mpaka muda upite. Tunarudia: namba ya simu iwe yako, barua pepe iwe yako, nywila uijue wewe peke yako.

Wapo watakaosema kijijini hakuna intaneti wala kompyuta, na mzazi hajui mambo ya mtandao. Ni kweli, na hatumkatazi mtu kulipia kuchapiwa au kuskaniwa vyeti steshenari. Hiyo ni kazi halali na ina bei yake. Lakini kaa kando ya anayechapa, soma kila mstari kabla hajatuma, na uhakikishe ametoka kwenye akaunti yako kabla hujaondoka. Wengine watasema kuchagua kozi kunahitaji ushauri. Tunakubali kabisa, ila ushauri huo upo bure kwa walimu wako wa masomo, kwenye ofisi za udahili za vyuo, na kwenye maonesho ya elimu ya juu yanayoandaliwa na TCU. Kwa vyuo vya nje, wakala anaweza kusaidia mambo ya viza na safari, lakini jua kwamba mara nyingi chuo humlipa kwa kila mwanafunzi anayempeleka, hivyo ushauri wake huegemea kwa anayemlipa. Kabla hujatoa senti, uliza TCU kama tuzo ya chuo hicho itatambuliwa utakaporudi.

Utaratibu wa sasa umemkabidhi mwombaji mamlaka ya kujiombea na kujiamulia, nasi tunajivunia kuutetea. Mamlaka hayo hayana maana ukiyakabidhi kwa mtu baki pamoja na nywila yako. Kama umeshafanya hivyo, usisubiri majina yatoke. Badilisha nywila sasa hivi, kisha nenda na cheti cha matokeo na kitambulisho ofisi ya udahili ya kila chuo ulichoomba, udai namba yako iwekwe badala ya ile ya wakala. Dirisha la uthibitisho likifungwa, malalamiko yako tutayapokea, lakini nafasi yako huenda haitarudi.