Choo Kinachoziba: Tubadili Nini?

Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo wengi huona haya kulitaja kikaoni. Choo cha ofisi ya parokia, cha zahanati au cha shule kinapoziba kila wiki, wazo la kwanza la kamati ni kununua sinki jipya. Pengine ni wazo zuri, pengine ni kupoteza fedha za waumini na za wafadhili. Tuchunguze kwanza.

Wananchi wa Ngara hawahitaji kuelezwa thamani ya choo. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja tu na kupiga kambi Benaco. Pasipo vyoo, umati kama huo uko hatarini kupata kipindupindu na kuhara damu. Choo kilichoziba nacho huwarudisha watu vichakani, na wanaoumia kwanza ni watoto, wagonjwa na wasichana wa shule.

Kwa nini kinaziba?

Chini ya sinki kuna kona ya bomba inayobakiza maji ili kuzuia harufu na nzi. Uchafu lazima upite hapo. Kona ikiwa nyembamba, au maji yakiwa machache, unakwama. Ndivyo ilivyotokea Marekani: sheria ya mwaka 1992 ilitaka vyoo vipya vya majumbani vitumie takribani lita 6 tu kwa kila mvuto. Vingi vya mwanzo vilikuwa na umbo la zamani na maji pungufu, vikaziba. Baadaye watengenezaji walipanua njia ya kupitisha uchafu na kuboresha mwendo wa maji, na lita zile zile 6 zikatosha. Fundisho ni kwamba umbo la choo ni muhimu sawa na wingi wa maji.

Hatua za kufuata

1. Tazama kinachotumika kujisafishia. Magunzi, majani na karatasi ngumu havipiti kwenye kona ya maji, hata sinki liwe la bei gani.

2. Fungua chemba. Ikiwa imejaa, tatizo liko mbele yake: bomba au shimo. Bomba liwe la inchi 4, lisiwe na kona nyingi, na lishuke kama sentimita 3 kwa kila mita.

3. Mwaga ndoo ya maji kwa nguvu. Ikipita vizuri, huenda tangi la kuvutia halijai au halitoi maji yote. Rekebisha tangi kabla ya kubadili choo.

4. Piga hesabu ya maji. Choo kikitumika mara 50 kwa siku, tangi la lita 9 linahitaji lita 450. La lita 6, lita 300. Choo cha kumwagia kwa kopo lita 3, lita 150. Hizo ni ndoo 7 na nusu za lita 20. Nani atazichota wakati wa kiangazi?

Uchaguzi bora

Palipo na maji ya bomba ya uhakika, chagua choo cha kuvuta chenye njia pana na laini. Panapotegemea ndoo na watu wakitumia maji kujisafisha, sinki la kuchuchumaa la kumwagia linafaa zaidi. Yapo pia ya plastiki yenye kifuniko kidogo kinachofunguka kwa uzito wa maji, ambayo huhitaji maji machache. Maji yakiwa mbali, choo cha shimo chenye sakafu inayosafishika, mfuniko na bomba la hewa lenye wavu wa nzi ni choo bora. Hakina kona ya kuziba, wala si aibu.

Kwa wafadhili wetu tunasema: mnapochangia choo, changieni pia mfereji wa bati, tangi la maji ya mvua na mahali pa kunawia mikono. Sinki linalong'aa bila maji halimsaidii mgonjwa.

Maswali ya kujadili

- Choo chetu kinaziba wapi: kwenye sinki, bomba au shimo?
- Maji ya Agosti yanatosha choo tunachotaka kununua?
- Nani ana ufunguo, nani anasafisha, na fedha za matengenezo zinatoka wapi?