Zohali na hofu ya "nyota nzito"

Ukipigiwa falaki ukaambiwa Zohali imeikalia nyota yako, usitoe pesa kabla ya kujua maana yake.

Wanajimu wa kale waliona sayari tano tu kwa macho, na katika hizo Zohali ndiyo iliyokwenda polepole kuliko zote: mzunguko wake mmoja huchukua takriban miaka 29 na nusu. Ptolemaio wa Aleksandria, katika karne ya 2, aliieleza kuwa baridi na kavu kwa sababu iko mbali na joto la jua na unyevu wa dunia. Kutokana na hapo ikabebeshwa uzee, ukame, uchelewaji, madini ya risasi na siku ya Jumamosi. Wanajimu wa Kiarabu wakaiita nuhusi kubwa, Mirihi ikiwa nuhusi ndogo. Lakini haohao waliipa pia kilimo, ujenzi na subira, na upande huu mteja mwenye hofu haambiwi.

Kwa kuwa nyota ni 12, Zohali hukaa katika kila moja kama miaka miwili na nusu. Mtu akikaribia miaka 30, huwa imerudi pale ilipokuwa alipozaliwa, na wanajimu wa Magharibi hukiona hicho kuwa kipindi cha kupimwa katika kazi, ndoa na madeni. Aliyezaliwa katikati ya 1997, kwa mfano, ana Zohali katika Punda, na kwa hesabu yao sayari hiyo imo tena humo kuanzia Februari 2026 hadi Aprili 2028. Wanajimu wa Kihindi, wanaoiita Shani, huanza kuhesabu nyota zao mahali pengine. Tofauti ni nyuzi 24 hivi. Kwa hesabu yao mtu huyuhuyu Zohali yake iko Samaki. Nani basi amekosea?

Madai ya wanajimu yamewahi kupimwa. Mwaka 1985 jarida la sayansi la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa chati ya mtu na maelezo matatu ya tabia, wachague yaliyo yake. Walipatia kama theluthi moja, sawa na kubahatisha.

Mimi naona falaki ni urithi mkubwa wa fikra, unaostahili kusomwa. Kuuziwa kafara ya kuiondoa Zohali ni jambo jingine kabisa: sayari itahama yenyewe, ulipe usilipe. Deni lizungumze na anayekudai, na maradhi yapeleke hospitali wiki hiihii.